Askari Asiyekuwemo Kitabuni

Gavan Beswick alikuwa hawezi kuona kitu kimepungua akatulia. Mpe kikombe cha chai bila kisahani, atainuka akakitafute kisahani. Msimulie kisa usahau jina la mtu mmoja, hatabanduka kwako mpaka umelikumbuka. Sisi watu wa mtaa wa Invermay tulikuwa tumemzoea, tukasema huyo ndiye Gavan, mwacheni na masanduku yake. Lakini tabia hiyohiyo tuliyoicheka ndiyo iliyomponza kwa dada yake, na hilo hatulicheki.

Masanduku yenyewe ndiyo yaliyoijaza nyumba. Sisemi masanduku ya nguo. Ni yale bapa ya kadibodi, yenye michezo ya mezani ya zamani, ile ya kutupa dadu na kusogeza vipande kwenye ubao. Na hata humo alikuwa mchaguzi. Michezo ya vita hakuitaka, ya kununua majumba hakuitaka, ya wakulima na kondoo wao usimwonyeshe. Alitaka ile tu ambayo vichezeo ndio wenye mchezo: dubu wa pamba wanakimbizana dukani, wanasesere wamepotea njia, farasi wa mbao wanashindana kwenda kwa fundi. Ukimuuliza kwa nini hiyo tu, anakujibu, "Kwani wewe kwa nini ulimwoa huyo tu?" na mazungumzo yanaishia hapo.

Yeye mwenyewe alioa na akaachwa. Glenys alivumilia masanduku ya sebuleni, akavumilia ya chumbani, yalipofika bafuni akafunga lake moja akaenda zake kwa dada yake Queensland, kwenye jua. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Gavan, humu ndani kila kitu kina mahali pake isipokuwa mimi." Gavan alituhadithia maneno hayo kama mzaha, tukacheka kwa adabu, naye akacheka, kisha akakaa akiitazama chai yake mpaka ikapoa.

Kazi yake ilikuwa kiwandani, kuchambua sufu. Hii laini, hii ya kukwaruza, hii ina miiba, tupa kule. Kiwanda kilipofungwa mikono ikabaki na hamu ya kuchambua, nadhani, maana masanduku ndipo yalipozidi. Vitabu navyo vikazidi. Alikuwa na vitabu vya viwanda vya vichezeo, vitabu vya picha za vifuniko tu, hata kijitabu kinachozungumzia dadu peke yake, yaani mtu mzima alikaa akaandika habari za dadu. Juu ya vyote kilikaa Kitabu. Hakikuwa na haja ya jina jingine. Kiliandikwa na bibi mmoja wa Uingereza aliyekwisha kufa, kizito cha kuvunja mguu, na ndani yake kila mchezo umeelezwa: umetengenezwa mwaka gani, ubao una rangi gani, vipande ni vingapi na kila kimoja ni nini. Katika chama chao cha wakusanya michezo mabishano yote yalimalizwa kwa swali moja, "Kitabu kinasemaje?" Kikisema, mmenyamaza.

Chama chenyewe kilikutana katikati ya kipupwe, kwenye ukumbi wa kanisa, siku ambazo ukungu wa mto hauondoki hata saa sita mchana. Kulikuwa na jiko la kuni pembeni, pai za kombe wa baharini zenye bizari, chai nyeusi kama lami, na katikati ya ukumbi Meza ya Vipande. Mezani hapo kila mtu anamwaga vipande vilivyomzidi: dadu, sarafu za karatasi, vijisanamu vya bati, miguu ya dubu. Kama sanduku lako limepungua kitu unatafuta hapo. Hapauzwi wala hapanunuliwi, sheria ni toa kimoja, chukua kimoja. Na ukilikamilisha sanduku siku hiyo, wote wanagonga vijiko kwenye vikombe kukushangilia. Ni wazee wenye magoti mabovu, lakini ungewaona wakigonga vile vijiko, ungedhani timu imechukua kombe.

Jioni, vile ambavyo havikupata mwenyewe, vile vya mbao na kadibodi ambavyo hata Kitabu hakivijui, mwenyekiti alivikokota kwa kiganja vikaanguka kwenye ndoo, akaenda navyo kwenye jiko. Mwenyekiti alikuwa Ewart Pybus, mzee mrefu mwenye sauti ya mnadani. Alifungua mlango wa jiko akatangaza, "Haya, wasio na kwao, motoni!" Na ukumbi mzima ukacheka. Walicheka kila mwaka. Ndivyo mkutano ulivyofungwa.

Sasa tuje kwa Verna. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Gavan, mjane wa George Town, mwanamke mkavu wa maneno ambaye hata salamu aliitoa kwa kipimo. Mama yao alipofariki, uzeeni kabisa, Verna ndiye aliyeisafisha nyumba, kisha akaja Invermay na kitu bapa ndani ya foronya ya mto.

"Chukua," alisema mlangoni. "Wewe ndiye unayejua kuyatunza haya. Lisipotee hili, Gav."

Gavan alilitoa kwenye foronya. "Dada! Ni Rudini Kabatini! Unajua hili ni adimu kiasi gani? Umelitoa wapi?"

"Chini ya nyumba."

"Chini ya nyumba? Lilikuwa linafanya nini chini ya nyumba?"

"Limekaa. Bandika birika, kuna baridi."

Hakusema zaidi, na Gavan hakuuliza zaidi, kwa sababu tayari alikuwa ameshafungua kifuniko. Rudini Kabatini ni mchezo wa vichezeo vilivyotoka kabatini usiku, navyo vinakimbia kurudi kabla mtoto hajaamka. Ubao ulikuwa mzima, una harufu ya udongo. Dadu ipo. Dubu yupo, mwanasesere yupo, pia ya kuzungusha, ngoma na farasi wapo, wote wa bati iliyopakwa rangi. Askari ndiye hakuwepo. Mahali pake palikuwa na kipande cha mbao, kichwa cha kile kigogo kinachozungushiwa uzi wa kushonea, mtu amekikata kwa msumeno akakipaka rangi nyekundu. Na kilikuwa kimetafunwa. Gavan alikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akaona vidoti vya meno kuzunguka ukingo wote, akajisemea, mbwa huyu.

Mbwa! Mtu aliyejua kutofautisha rangi nyekundu ya kabla ya vita na nyekundu ya baada ya vita, akaangalia alama za meno ya kaka yake akaona mbwa.

Lakini tusimwonee, hakuna aliyemwambia. Alichojua, na alichojua tangu utotoni, ni kwamba alikuwa na kaka aliyeitwa Laurie, aliyekufa kwa polio Gavan akiwa bado wa kubebwa, na kwamba jina hilo halitajwi mbele ya Mama. Mama akilisikia alikuwa anaondoka mezani. Basi watoto wakajifunza kula bila kulitaja, na Baba vilevile, na mwishowe Laurie akawa jiwe pale makaburini Carr Villa na siku moja ya maua kila mwaka. Wewe ungeuliza nini?

Miaka kadhaa Gavan alimtafuta askari wake. Alijua kila kitu kumhusu, koti la buluu, bunduki begani, kidoa cheupe kwenye kofia, Kitabu kilikuwa kimesema. Kisha kipupwe kimoja, kwenye Meza ya Vipande, mama mmoja wa kutoka Hobart akamwaga mfuko wake, na askari huyo hapo amelala chali kati ya dadu.

"Ewart!" Gavan alipaza sauti. "Ewart, njoo uone!"

Pybus alivaa miwani yake. "Kitabu kinasemaje?"

"Koti la buluu, bunduki begani, kidoa kwenye kofia!"

"Basi ndiye. Jamani, Beswick amekamilisha! Toa kimoja, chukua kimoja, mzee, usije ukaiba mbele ya wachungaji."

Gavan akaingiza mkono mfukoni. Humo alikuwa na kile kigogo chekundu, kwa sababu alikuja na sanduku zima na hakutaka kije kikachanganyika na vipande halali. Akakiweka mezani, akamchukua askari. Vijiko vikagongwa mpaka pai zikapoa. Jioni Pybus akakokota mabaki, akafungua mlango wa jiko akasema maneno yake, na Gavan akacheka na wengine, mdomo umejaa pai. Alikiona kile chekundu kikiingia. Alikiona, na hata kumbukumbu hiyo imemkaa vizuri sana, kwamba rangi iliwaka kijani kidogo kabla ya kuungua.

Ikapita miaka. Miguu ya Verna ikaanza kuvimba, moyo ukawa hauwezi tena kusukuma damu inavyotakiwa, macho nayo yakafa katikati, akawa anaona kingo za vitu tu. Wakamhamishia nyumba ya wazee pale Newstead. Gavan alikwenda kila Jumapili na mkate wa matunda alioupenda, wakakaa dirishani, yeye akimweleza masanduku, dada akijifanya anasikiliza. Jumapili moja Verna akamkatiza.

"Gav. Lile sanduku nililokupa, lipo?"

"Lipo, Dada! Ungeliona! Limekamilika sasa."

"Kila kitu kimo?"

"Kila kitu."

Verna alivuta pumzi, akaweka kisahani chake cha mkate kando. "Vizuri. Maana nataka kitu humo. Unamjua Laurie?"

Gavan alishtuka kusikia jina likitajwa hivihivi, mchana, kwenye chumba chenye watu wengine. "Kaka? Yule wa Carr Villa?"

"Unachojua wewe ni jiwe. Sikiliza, na usinikatize na viwanda vyako. Siku waliyompeleka hospitali, jioni ile ile Mama aliwasha moto uani. Ndivyo walivyofanya, watu waliogopa ugonjwa. Akatoa godoro lake, mashati, dubu wake, vitabu vyake, hata picha iliyokuwa imebandikwa juu ya kitanda. Picha yake ilikuwa hiyo moja tu. Baba alisimama kando na koleo, halii, hasemi. Mimi nikaona Mama anarudi ndani kuchukua lile sanduku. Nikamtangulia. Nikapita nalo dirishani nikatambaa nalo chini ya nyumba, kwenye ule uwazi wa chini ya sakafu, penye buibui, nikalala juu yake mpaka moto umezimika."

"Dada..."

"Nimesema usinikatize. Nililiacha huko. Na wewe ulikuwa kitoto, unatambaa sakafuni, sanduku liko chini yako kabisa. Kila ulipokohoa nilijua nimekuua. Nilikuwa naamka naja kukusikiliza unavyohema. Mwaka mzima hivyo. Sikumwambia mtu."

Kwenye kitanda cha pili bibi mwingine alikuwa anaimba chini kwa chini. Verna akamsubiri amalize.

"Yeye alikuwa askari," alisema. "Mimi dubu, yeye askari. Sasa askari wa kweli hakuwemo tangu tulipolinunua kwenye mnada wa kanisa, kwa hiyo Baba alimkatia kigogo cha uzi wa Mama, akakipaka rangi iliyobaki ya baiskeli. Laurie hakujua kushindwa, huyo! Nikikaribia kufika kabatini anamtia mdomoni askari wake anamtafuna, ananitazama hivi, macho yametoka. Nikimwambia tema, anatafuna zaidi." Verna alikuwa anacheka, na Gavan hakukumbuka mara ya mwisho kumwona dada yake akicheka kwa meno. "Kila kitu chake kimekwenda, Gav. Sauti yake siikumbuki. Uso wake nauona nusu, na sasa hata hiyo nusu sina hakika kama ni yeye au ni wewe. Lakini kwenye kile kigogo kuna meno yake. Nataka niyashike. Basi. Niletee Jumapili."

Sasa hapo ndipo mwanamume alipotakiwa kufungua kinywa. Hapo hapo. Angesema, dada yangu, nimefanya kosa, na wangelia wakamaliza. Lakini Gavan Beswick akatazama ule uso uliofurahi akasema, "Nitakuletea, Dada."

Alifika nyumbani akalitoa sanduku. Askari wa bati alisimama mahali pake, koti buluu, hana habari. Gavan alivuta mikebe yote ya vipande, akamwaga sakafuni, akapekua akijua anajidanganya. Kisha akampigia simu Pybus.

"Ewart, kile kigogo chekundu nilichokitoa siku ya askari. Kuna mtu alikichukua?"

"Kigogo? Kigogo gani?"

"Cha uzi. Kimepakwa nyekundu. Kimetafunwa."

"Ah, kile. Si tulichoma? Wewe mwenyewe si ulikuwepo, ulicheka mpaka ukapaliwa na pai. Vipi, kwani kimo kwenye Kitabu?"

"Hakimo."

"Basi unalilia nini, mzee? Askari si unaye?"

Gavan akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote.

Siku zilizofuata alifanya alichojua kufanya, akatengeneza kipande. Kuna wanaotengeneza, chamani, na wanajivunia. Ukiwa huna kichwa cha mwanasesere unachonga, unapaka chai ili kionekane cha zamani, mradi uandike kwa ndani kwamba ni cha kuigiza. Alipata kigogo cha mbao kwenye duka la vitu vikuukuu pale Mowbray. Alikikata kwa msumeno mwembamba. Alichanganya nyekundu ya baiskeli za zamani, na nyekundu hiyo aliipata sawasawa, hata mimi nimeiona. Akakisugua na majivu na nta. Ikabaki meno. Angeanzaje? Angesimama mlangoni kwa jirani amwambie mama wa watu, samahani, naomba mwanao aning'atie hiki? Akafunga mlango wa jikoni ingawa yumo peke yake, akakitia mdomoni mwenyewe. Meno ya juu yalikuwa ya bandia, yakateleza. Ya chini ndiyo yaliyong'ata. Aliuma, akakigeuza, akauma tena mpaka fizi ikatoa damu, mzee wa watu kasimama jikoni ana kipande cha mbao mdomoni, machozi yanamtoka. Hicho nacho hakukiandika kwa ndani kwamba ni cha kuigiza.

Jumapili Verna alikuwa ameshavalishwa sweta yake nzuri, nywele zimechanwa. Alisikia hatua zake akanyoosha mkono kabla hajaketi.

"Umekuja nacho?"

"Ninacho, Dada."

Akamwekea kiganjani. Verna akafumba vidole, akakaa hivyo kitambo, akitabasamu kwa upande mmoja. Kisha kidole gumba kikaanza kutembea kwenye ukingo. Kilitembea kikazunguka, kikarudi, kikazunguka tena polepole zaidi. Lile tabasamu likaondoka. Akakipeleka kigogo puani akakinusa, akakishusha kwenye midomo, akaupitisha ukingo kwenye mdomo wa chini kama mtu anayeonja mchuzi wa moto.

"Gavan," alisema. Hakusema Gav. "Laurie hakuwa na meno mawili ya mbele. Yalikuwa yameng'oka wiki ile. Alikuwa anatafunia pembeni, na katikati panabaki laini. Meno yake yalikuwa madogo, kama ya paka. Haya ni meno ya mtu mzima."

Gavan aliyaona hayo. Mle ndani ya kichwa chake aliyaona, vidoti vidogo, halafu nafasi laini, halafu vidoti tena, dirishani kwake siku ile, akisema mbwa.

"Kiko wapi?"

"Nilikichoma, Dada. Kwenye jiko la kanisa. Sikujua. Nilimpata askari wa kweli nikamtia, na kile... Sikujua ni chake. Hamkuniambia. Hakuna aliyewahi kuniambia kitu chochote."

Verna alikaa akiutazama ukingo wa dirisha, au alichokiona cha dirisha.

"Hilo kweli," alisema mwishowe. "Hatukukuambia. Mama alikuwa anakichoma, nikamwibia. Nikakificha maisha yake yote, sikumwambia hata mume wangu. Halafu nikatafuta ni nani katika dunia nzima hatakipoteza, nikakuletea wewe."

"Nisamehe, Dada."

"Sikukasirikii. Niko na baridi tu. Mwite dada muuguzi anirudishe kitandani." Akanyoosha mkono, akamrudishia kigogo. "Hiki chukua. Hiki ni chako."

Aliendelea kwenda kila Jumapili na mkate wa matunda. Verna aliula. Walizungumza habari za mvua, za miguu yake, za bibi anayeimba. Laurie hawakumtaja tena. Walirudi kwenye ile njia ya mama yao bila kukubaliana, na Gavan alisema kwamba hicho ndicho kilichomkata maini kuliko yote, kwamba mlango ulifunguliwa Jumapili moja tu baada ya miaka yote hiyo, naye ndiye aliyeufunga. Mwezi wa Agosti Verna alifariki. Walimzika Carr Villa mbali kidogo na lile jiwe dogo, kwa sababu karibu yake palikuwa pameshajaa.

Kipupwe kilichofuata Gavan alikuja ukumbini kwa kuchelewa, na hakuja na sanduku. Wenzake walimpa pole, wakamkatia pai, hakuila. Mezani hakutafuta kitu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na jiko mpaka jioni, na Pybus alipokuja na ndoo yake na kushika mlango wa jiko, Gavan akasimama.

"Nipe mimi hivyo."

"Vipi hivi? Hivi ni takataka, mzee." Pybus akaitikisa ndoo, watu wakaanza kucheka mapema. "Humu hamna hata kimoja kinachojulikana. Kitabu kinasemaje?"

"Kitabu hakijui chochote, Ewart. Nipe ndoo."

Kicheko kikakatika. Pybus alimtazama, akatazama ndoo, ndani yake vifungo vya nguo, kizibo kilichochorwa macho, kokwa la parachichi kavu lenye herufi mbili za jina zilizochongwa kwa kisu, kipande cha kiatu. Akampa. Mwaka huo mkutano ulifungwa bila yale maneno, watu wakatafuta makoti yao kimyakimya.

Tangu hapo vyote vinakwenda kwake. Wenzake wanamtania bado, wanamwita Mzee Yatima, naye hajibu. Masanduku mengi ameyauza, bafu limekuwa bafu, na Kitabu amempa mama wa Hobart. Rudini Kabatini bado analo. Mle ndani askari wa bati hayumo, na kigogo alichokiuma yeye hakimo pia. Mahali pake pako wazi.

Nilikwenda kumwona juzi, mchana, ukungu umelala barabarani. Alikuwa mezani na mkebe wa vile vya ndoo, anatoa kimoja kimoja, anakipitisha kidole gumba ukingoni, anakiweka kando, anachukua kingine. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Kilishaungua," alisema. "Nilikiona kikiungua." Akachukua kingine.